Kabla ya Kurudi Melini: Lala Mji Mkongwe wa Zanzibar

Njia ya Dar es Salaam wengi wetu tunaijua. Kutoka Uvira, Kalemie, Bukavu na hata Goma, haupiti mwezi bila wamama kushuka kule kutafuta vitu: vikwembe, viatu vya watoto, sufuria, nywele za kusuka. Mizigo ikishafungwa, kunabaki siku mbili au tatu za kungojea gari. Ndipo mmoja anasema, twende Zanzibar. Wanapanda boti asubuhi, wanapiga picha kando ya maji, wanakula samaki, jioni wamerudi. Tena kuna safari nyingine iliyoanza kuingia katika familia zetu: watoto walio Ulaya, Kanada na Marekani wanawalipia wazazi nafasi katika zile meli kubwa za matembezi zinazozunguka Bahari ya Hindi. Meli inatia nanga Zanzibar asubuhi, abiria wanashuka, na kabla jua halijazama wanaitwa kurudi.

Kwa hao wote nina ombi moja. Msipite Zanzibar kama mtu anayepita dukani kuuliza bei. Kama safari yako ya meli inaanzia au inaishia upande ule, au kama ni boti tu ya kutoka Dar, weka siku mbili za ziada, kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Lala ndani ya Mji Mkongwe, ule mji wa nyumba za mawe ulio jirani na bandari, ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2000. Bahari utaiona tu, haikimbii. Lakini mji ule una habari zetu ndani yake, habari za bibi zetu wa Maniema na wa kando ya ziwa Tanganyika, na masaa matatu hayatoshi kuzisikia.

Anzia Kariakoo

Kabla ya kuvuka bahari, kuna kitu cha kutazama Dar yenyewe, mahali mnapopita kila safari. Pale Kariakoo, kati ya maduka, upo msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema. Wamama wengi wanapita karibu nao na mifuko yao bila kujiuliza jina lile limefikaje huko. Wamanyema ni watu waliotoka upande wetu wa ziwa, kutoka nchi inayoitwa leo jimbo la Maniema na jirani zake. Wengine walikuja wakiwa wabebaji wa mizigo, wengine askari wa misafara, wengine wafanyabiashara, na wengi walikuja wamefungwa. Walizaa, wakazeeka, wakawa wenyeji. Huko Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Dar na Zanzibar jina la Manyema likawa kama jina la kabila, ingawa kwetu makabila ya Maniema ni mengi na kila moja lina jina lake. Mtu aliuzwa akiwa Mkusu au Mbangubangu. Alipofika pwani akaitwa Mmanyema, basi.

Hata Kariakoo lenyewe ni jina la wabebaji. Limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha wachukuzi wa mizigo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ni jambo la kuwaambia vijana mnaokwenda nao, wanapolalamika kwamba robota ni zito.

Njia waliyopita watu wetu inajulikana. Ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikafika ziwani, ikavuka kwa mitumbwi hadi Ujiji karibu na Kigoma, kisha kwa miguu hadi Tabora, hadi Bagamoyo, na mwisho kwa jahazi hadi Zanzibar. Kutoka Ujiji peke yake mpaka baharini ni zaidi ya kilomita 1000. Ilikuwa safari ya miezi, na mtu ana pembe ya ndovu begani au kongwa shingoni, na mama ana mtoto mgongoni. Leo sisi tunaikata kwa basi au kwa treni, na bado tukifika tunasema viti vimetuvunja mgongo.

Bandarini

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar hadi Zanzibar inachukua kama masaa mawili. Nunua tikiti ndani ya ofisi ya kampuni yenyewe, usiwape pesa vijana wanaokimbilia wageni getini. Bei ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Uliza kabisa kabla ya kupanga bajeti, maana bei hubadilika. Usiache pasipoti Dar kwa kudhani kwamba ni nchi moja. Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, lakini ina serikali yake, na pale bandarini kuna maofisa wa uhamiaji, nao watataka kuiona. Chukua na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka pia bima ya safari kwa wageni. Kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, uliza mapema wewe mwenye pasipoti yetu unatakiwa ulipe nini, usije ukaanza kuhesabu noti mlangoni.

Bahari si ziwa. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, boti inarukaruka na watu wanatapika. Kula kidogo, kaa nyuma na chini, tafuna tangawizi. Wenye mimba waulize daktari kwanza. Mvua kubwa za masika ni Machi hadi Mei, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikijaa maji utatembea ukiwa umeshika viatu mkononi.

Soko la Mkunazini na soko la Nyangwe

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika mtaa wa Mkunazini kuna kanisa kubwa la Anglikana. Limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka uleule wakaweka jiwe la kwanza la kanisa. Aliyesimamia ujenzi ni askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika vitabu vya kufundisha Kiswahili na kutafsiri Biblia. Amezikwa humo humo, nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu kuna duara la mawe meupe sakafuni, na wenyeji wanakuambia kwamba pale ndipo uliposimama mti wa kuchapia watu. Kuna msalaba mdogo wa mbao za mti ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, kule Chitambo, Zambia. Mwangoni mwa kanisa, upande wa nyuma, watakuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza siku askofu hayupo. Hapo watalii hucheka.

Nje kuna shimo la saruji lenye sanamu za watu, wanawake na wanaume, wamesimama nusu wakiwa ardhini, na shingoni wana mnyororo wa kweli wa zamani zile. Mchongaji ni mwanamke, Clara Sörnäs kutoka Sweden, na aliiweka kazi ile mwaka 1998. Hapo hakuna anayecheka. Mwende mapema, kabla makundi ya melini hayajafika, muweze kusimama kimya.

Utashushwa pia katika vyumba vya chini, vyenye dari la chini na madirisha madogo kama matundu. Waongozaji wengi wanasema watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaobisha, wanasema jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Mimi nasema ingia, halafu toka ukasome maonyesho yaliyo pale juu kwa utulivu. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa, na jambo hilo halitegemei chumba kimoja.

Sasa sikilizeni habari ya soko la pili. Nyangwe iko Maniema, kando ya mto Lualaba, si mbali na Kasongo. Wakati ule Nyangwe ilikuwa na soko kubwa, na soko lile lilikuwa la wanawake. Walikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo zote mbili na samaki, chumvi, mihogo, mafuta ya mawese, kuku na vyungu. Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, mzee tayari na mgonjwa, alikaa pale miezi mwaka 1871 akitafuta mtumbwi bila kuupata. Alikuwa akienda sokoni kutazama tu: namna wanawake wanavyobishana bei, wanavyocheka, wanavyobeba. Mtu yeyote aliyeketi katika soko la Kadutu asubuhi anajua alichokiona.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wa wafanyabiashara waliotoka pwani, waliingia sokoni na kuanza kupiga. Wanawake walikimbilia mtoni. Mitumbwi ilikuwa imebanana, ikajaa, ikapinduka. Wengi walijitupa majini na mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika kwamba hesabu kamili haitajulikana kamwe.

Aliandika yote aliyoyaona, akaondoka, akarudi Ujiji. Huko Stanley ndiye aliyemkuta, na mwaka 1872 barua na maandishi yake yakafika Uingereza. Habari ya Nyangwe iliwashtua watu. Serikali yao ikamtuma Bartle Frere kwenda Zanzibar kumbana Sultani Barghash, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini mkataba. Soko la Mkunazini likafungwa.

Kulikuwa na sababu nyingine, ndiyo: siasa, manowari za Kiingereza, biashara. Lakini vifo vya wale wauzaji wa mihogo na samaki wa Lualaba vimo ndani ya sababu zile, na si mahali padogo. Mwongozaji atakutajia Livingstone, atakutajia Steere, atakutajia Barghash. Hao wana majina. Wewe mama wa Kongo muulize: na wanawake wa Nyangwe? Kama hajui, msimulie wewe. Atakuwa na kitu cha kuwaambia watu wa meli inayofuata.

Nyumba ya Tippu Tip

Kutoka Mkunazini, kwa miguu, hadi mtaa wa Shangani si mbali. Hapo kuna nyumba ya zamani yenye mlango mzito wa kuchongwa. Ni nyumba ya Hamed bin Muhammed, yule tunayemjua kwa jina la Tippu Tip. Tuliosoma shule tulifundishwa jina hili mapema, na kwetu linaamsha mambo tofauti kulingana na mtu alikotoka. Kule Kasongo kuna familia zinazojivunia dini, elimu na adabu zilizokuja na watu wake. Kuna familia nyingine ambazo bado zinasimulia kijiji kilichochomwa. Na zipo nyumba ambamo hadithi hizi mbili zinakaa pamoja mezani, kwa sababu babu alikuwa wa msafara na bibi alikuwa wa kijiji.

Alizaliwa Zanzibar, akafanya makao yake Kasongo kuanzia miaka ya 1870, na pembe alizopeleka pwani zilikuwa nyingi sana. Pembe zile zilipakiwa melini na nyingi zilikwenda Marekani, katika jimbo la Connecticut, zikakatwa vipande vyembamba kwa ajili ya piano. Msichana wa huko alipojifunza kucheza piano sebuleni kwao, vidole vyake viligusa ndovu wa Maniema. Mwaka 1887, hapo hapo Zanzibar, Tippu Tip alikubaliana na Stanley kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold. Miaka michache baadaye askari wa Leopold wakapigana na Waarabu wale wale. Nyangwe na Kasongo vikatekwa mwaka 1893. Yeye alikuwa amekwisha kurudi pwani. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, akafa Zanzibar mwaka 1905, kitandani mwake.

Nyumba ile ina watu wanaoishi ndani, familia za kawaida zinazoanika nguo. Si makumbusho. Tazameni mlango kutoka nje, msalimie, msiingize kamera madirishani. Nimeona watalii wakifanya hivyo, na haipendezi.

Wanawake walioachwa nyuma

Wengi wanadhani soko lilipofungwa utumwa uliisha. Haikuwa hivyo. Watumwa walibaki mashambani kwenye mikarafuu na majumbani mwa watu. Amri ya kuondoa utumwa Zanzibar ilitoka mwaka 1897, lakini masuria, yaani wanawake waliowekwa na mabwana zao kama wake bila kuwa wake, hawakuhesabiwa ndani yake. Waliambiwa wao ni mambo ya nyumba. Walingoja mpaka sheria ya mwaka 1909. Miaka kumi na miwili! Kati yao walikuwemo waliotoka kwetu wakiwa wasichana wadogo. Nadhani kikundi cha wamama kinachokaa kujadili sheria ya ndoa na urithi kitaelewa haraka namna mambo ya mwanamke yanavyowekwa pembeni kwa kuitwa mambo ya nyumba.

Waliopata uhuru walifanya nini? Walibadilisha nguo kwanza. Mtumwa alivaa merikani, lile jamvi la pamba lisilopaushwa ambalo meli za Salem zilileta kutoka Marekani na ambalo misafara iliingiza mpaka Maniema kama pesa, au kaniki nyeusi. Wanawake walioachiwa huru hawakutaka tena kuonekana ndani ya vitambaa hivyo. Wakachukua kanga, jozi yenye rangi na pindo, na baadaye ikaandikwa maneno. Ukisimama katika soko la Darajani leo kuchagua kanga, soma maneno kabla ya kulipa. Usimnunulie mama mkwe ya matusi kwa sababu rangi imekupendeza.

Jina lingine la kuuliza ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini, karibu mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya bara. Mama yake alifinyanga vyungu, na Siti alivitembeza akiviuza kwa miguu, akiita wateja kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye taarab, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia kufanya hivyo. Aliimba kwa Kiswahili wakati ambapo taarab ya mjini ilikuwa ya Kiarabu, akaimba habari za mahakamani, za wanawake waliodhulumiwa, za matajiri wasioguswa. Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Wamama wauzaji wa vyungu waliopo kati yetu wajue hilo.

Jengo la Beit al-Ajaib, ambalo picha yake iko kwenye kila kadi ya Zanzibar, lilijengwa na Barghash mwaka 1883 na sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Utalitazama kwa nje, kama vile Ngome Kongwe iliyo jirani yake, ingawa ngome unaingia na kuna maduka ndani. Kwangu hayo hayakunichukua muda mrefu.

Kiswahili chao na chetu

Kuna wamama wanaona haya kufungua kinywa Zanzibar. Wanasema kule ndiko Kiswahili kilikozaliwa na chetu ni cha kubahatisha. Acheni hayo. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Chetu kilitembea kwa miguu na misafara mpaka Lualaba, kikakutana na lugha zetu, kikabaki. Ni ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti.

Tofauti utazikuta zaidi jikoni. Sombe watakuambia kisamvu, na wao hukipika na nazi. Lengalenga ni mchicha. Ukisema kikwembe watakutazama, sema kitenge. Mkubwa kwa umri unamwambia "shikamoo" na yeye anajibu "marahaba". Mwenye watoto awafundishe ndani ya boti, kwa sababu wazee wa pale wanaipenda sana, na mtoto aliyetoka Kongo na akasema shikamoo atapewa tende bila kuomba.

Malazi, chakula, pesa

Nyumba za wageni za bei ndogo zipo ndani ya Mji Mkongwe, na kundi la watu wanne au sita hupunguziwa likiomba. Huu ndio uzuri wa kwenda kwa likelemba: mwongozaji mmoja analipwa na wote. Chagua mwenye kitambulisho cha kazi, mkubaliane bei na masaa kabla ya kuanza. Wale vijana wanaokufuata kutoka bandarini wakikuita dada, wenyeji wanawaita papasi, jina la mdudu anayeuma. Wajibu kwa upole, usisimame.

Ni mji wa Waislamu, na kwa mwanamke wa Kongo hakuna shida: kikwembe chako kikifunika magoti na blauzi ikifunika mabega, umekwisha vaa vizuri. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Picha za wanawake usipige bila kuomba.

Jioni nendeni bustani ya Forodhani. Kuna mishikaki, pweza, mihogo, maji ya miwa na urojo, ule mchuzi mzito wa njano unaotiwa bajia na viazi. Ulizia bei kabla ya kitu kuwekwa kwenye sahani, maana kikishawekwa mazungumzo yamekwisha. Samaki aliyekaa mezani tangu jana utamjua. Sisi wa ziwani hatuhitaji kufundishwa. Wakati huo abiria wa meli kubwa wameshaondoka, watoto wa mjini wanaruka baharini kutoka ukutani, wenyeji wanatoka kupunga upepo na familia zao, na mji unakuwa wa watu wake. Ukitaka kuongea na wazee, hiyo ndiyo saa yake. Mwenye asili ya Maniema ukimpata, mwambie ulikotoka kijiji kwa kijiji. Hapo kabla ya safari inafaa umeketi na mzee wa kwenu na kuandika katika daftari majina ya mababu na ya vijiji, kwa sababu ukisema "natoka Kongo" tu, mazungumzo hayaendi mbali.

Wenye muda wa siku moja zaidi, mkirudi Dar pandeni basi hadi Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini. Ndipo misafara ilipotua mizigo. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa pale mwaka 1868 ilipokea watoto waliokombolewa utumwani, na majengo yake yapo. Wakatoliki wetu watafurahi kuona hilo, wengine pia.

Kuhusu zawadi, kila mtu atataka karafuu. Pakiti ndogo za Darajani ni halali na nafuu, na zinakaa mwaka mzima kabatini. Gunia usinunue hata ukibembelezwa na mtu anayesema ana shamba: Zanzibar karafuu inauzwa kupitia shirika la serikali, na kusafirisha nyingi kwa njia ya mlango wa nyuma ni kosa. Nunua mdalasini na iliki, funga vizuri mbali na vikwembe, na uwe bandarini mapema kabla ya boti.